Usimpige nzi kofi, mpige picha!

WAPO watu hapa mjini ambao ukiwakuta wamepiga magoti pembeni ya mtaro, makalio juu, pumzi wamebana, utadhani wamedondosha hereni ya dhahabu au wamechanganyikiwa. Usiwapigie kelele za mwizi wala usiwaitie mganga. Ni wapiga picha. Na wanayempiga si wewe, si bibi harusi, wala si gari la mtu. Wanampiga picha sisimizi.

Naam, sisimizi! Na nzi, na buibui, na unyoya wa kuku, na chembe ya chumvi, na uzi wa kitenge. Washkaji wa kijiweni kwetu wanauita mchezo huu "ushamba wa kisasa". Mimi nasema ndio mchezo wa bei poa kuliko yote iliyobaki mjini, na ukinivumilia mpaka chini huko nitakuonyesha kwamba picha ya kidude usichokithamini inaweza kuhusu uhai wa mtu. Sitanii.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Picha za karibu, kwa lugha ya mafundi, ni zile ambazo kitu kinachorwa ndani ya kamera kikiwa na ukubwa wake halisi au zaidi. Yaani nzi wa milimita saba anachukua milimita saba nzima kwenye kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga. Unaweza kusema milimita saba ni kitu gani? Sasa ikuze picha hiyo ijae kwenye kioo cha simu yako halafu umtazame huyo nzi. Jicho lake moja si jicho, ni macho elfu kadhaa yaliyopangwa kama sega la asali. Mwili una manyoya kama brashi ya viatu. Lile bawa unaloliona kama karatasi ya nailoni lina mishipa iliyochorwa vizuri kuliko ramani ya Kariakoo.

Na si wadudu tu. Chukua chumvi ya mezani, nyunyiza kidogo juu ya karatasi nyeusi, piga karibu. Utakuta vijisanduku, kila kimoja kina pembe zake, kama matofali ya fundi mzuri. Chukua bawa la kipepeo aliyekufa mwenyewe kibarazani. Lile "vumbi" linalobaki kwenye vidole ni magamba madogo madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa. Chukua sarafu ya shilingi 200 uwatazame simba walioko upande wa pili wa picha ya Mzee Karume, uone mikwaruzo ya miaka mingi ya makondakta. Umezeeka na hiyo sarafu mfukoni hujawahi kuitazama.

KAMERA SI LAZIMA

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, maana wakisikia "kupiga picha" wanawaza yale makamera yenye lenzi ndefu kama bomba la maji ya dawasani, ambayo bei yake unapata pikipiki. Sikiliza. Simu yako inatosha kuanzia.

Tatizo la simu ni kwamba ukiisogeza karibu sana inagoma, picha inakuwa ukungu. Dawa yake ni kuiongezea lenzi nyingine mbele. Madukani ziko zile za kubana kama kibanio cha nguo, bei yake ni sahani chache za chipsi kuku. Ukiona nayo hiyo ni gharama, tafuta deki mbovu ya DVD. Ndani yake, pale panaposoma diski, kuna kijilenzi kidogo kama dengu. Hakikisha deki haina umeme kabisa, maana ile miale haifai kwa macho, kisha kichomoe taratibu, kibane na kibanio cha nywele, ukibandike mbele ya jicho la kamera ya simu. Sasa sogea mpaka karibu kugusa kitu, iwe sentimita moja hivi au pungufu. Utashangaa! Hata tone la maji likiwekwa kwa adabu juu ya kile kijioo cha kamera linafanya kazi hiyo hiyo, ila mkono ukitikisika tu basi, na kama simu yako haipatani na maji usithubutu kuniletea lawama.

Simu nyingi za bei ya chini zinazojitapa kuwa na kamera nne au tano, moja wanaiita ya "makro". Nimezijaribu za rafiki zangu. Nyingi ni pambo tu. Ina megapikseli mbili, picha inatoka kama imepigwa kupitia chandarua. Kamera kuu pamoja na kijilenzi cha deki inaiacha mbali. Zile simu za matajiri ni jambo lingine. Tangu iPhone 13 Pro ilipotoka mwaka 2021 zipo zinazoweza kukaribia hadi sentimita mbili bila msaada wa mtu. Lakini wewe na mimi tunajuana.

Kwa mwenye kamera ya kubadilisha lenzi, nayo ina ujanja wake wa kimaskini. Ile lenzi ya kawaida ya milimita 50, igeuze. Ndiyo, igeuze nyuma mbele, uishikilie hivyo au ununue kijipete cha kuibana. Kitu kilichotengenezwa kukamata sura ya mtu aliye mbali kikigeuzwa kinakamata kitu kilicho karibu, na hapo unapata ule ukubwa halisi niliousema. Wajomba zetu wenye studio za mkanda walikuwa wakiujua ujanja huu, sema hawakuwa na haja nao, wateja wao walikuja kupiga pasipoti.

Mwanga ndio mama wa yote. Jua la saa sita la Dar linachoma picha mpaka inakosa ladha, sehemu moja nyeupe pee, nyingine nyeusi tii. Toka asubuhi mapema. Wadudu wengi wakati huo bado wazito, hawajachangamka, na majani yana umande. Ukitumia flashi, izibe na kitu cheupe kinachopitisha mwanga, hata kipande cha kopo la mtindi, mwanga ulainike. Upepo ukikusumbua, shina la ua libane na kibanio cha nguo kwenye kijiti pembeni. Bi mkubwa akiuliza vibanio vyake viko wapi, jibu la kumpa utalitafuta mwenyewe.

Halafu lipo gonjwa moja ambalo halina dawa kamili. Ukikaribia kiasi kile, sehemu inayoonekana safi inakuwa nyembamba mno. Kwa kamera kubwa, kwenye ukubwa halisi, ukiwa umebana tundu la lenzi kiasi cha wastani, unapata kama milimita moja tu. Jicho la nzi safi, mguu ukungu. Ndiyo maana wanaopiga hawa hawapumui. Wengine wanapiga picha nyingi za kitu kile kile, kila moja wamesogea kidogo, halafu kompyuta inaziunganisha iwe moja. Mwingereza mmoja, Levon Biss, aliifikisha kazi hiyo mbali mno. Mwaka 2016 alionyesha picha za wadudu kwenye makumbusho ya viumbe ya Chuo Kikuu cha Oxford, na kila picha moja ilikuwa imeungwa kutokana na picha zaidi ya elfu nane. Elfu nane, mdudu mmoja! Hao walikuwa wadudu wakavu wa makumbusho, hawakimbii. Wa kwako ana miguu, kwa hiyo nenda naye na hali yake: lenga macho. Macho yakiwa safi, watu wanasamehe mengine yote.

MFANO WA KUIGA

Ukitaka kiumbe wa kuanzia, achana na kipepeo. Kipepeo ana maringo. Mtafute yule buibui mdogo asiyefuma utando, anayetembea ukutani kwa kurukaruka karibu na taa. Ana macho manane, mawili ya mbele makubwa kama ya paka. Tofauti na wadudu wengine wanaokupa mgongo, huyu ukimsogelea anageuka kukutazama. Anakukazia macho kama mama mwenye nyumba tarehe mosi. Nimewahi kukaa naye dirishani karibu saa nzima. Akaruka juu ya lenzi, akashuka, akarudi. Kuna watu wamelipia maigizo wasipate burudani hiyo.

Mwingine ni yule maji moto wa kwenye mwembe. Huyu usimsogelee kwa kaptula. Lakini ukimpata akishona jani utaona ajabu: majani yanavutwa na kundi, kisha mmoja anakuja ameshika mtoto kinywani, anampitisha huku na huku kama fundi cherehani anavyopitisha kitambaa, maana uzi unatoka kwa mtoto. Watoto wa mjini tumeumwa na hao tangu darasa la kwanza, wangapi tumeona cherehani yao?

Kwa wanaosema hii ni kazi ya watu wasio na kazi, nawaletea Wilson Bentley. Huyu alizaliwa mwaka 1865 kwenye kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, Marekani. Mkulima, mtoto wa mkulima. Hakusoma sana shuleni. Mama yake aliyewahi kuwa mwalimu ndiye aliyemfundisha nyumbani na kumpa hadubini. Dogo akapagawa na theluji. Akaunganisha kamera na hadubini, na tarehe 15 Januari 1885, akiwa hajatimiza miaka 20, akapata picha ya kwanza ya chembe moja ya theluji. Fikiria kazi yenyewe. Chembe inayeyuka ukiipulizia tu pumzi. Kwa hiyo alifanya kazi kwenye kibanda kisicho na moto, baridi inakata masikio, anainyanyua chembe kwa kijiti, anaiweka kwenye kioo, anapiga kabla haijatoweka.

Majirani walimwona amerukwa. Aliendelea hivyo hadi akafikisha picha zaidi ya 5,000, na kile tunachokisikia kila mahali, kwamba hakuna chembe mbili za theluji zinazofanana, kilienea kwa sababu yake. Utajiri? Hakuupata. Picha aliuza kwa senti. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1931, na Desemba mwaka huo huo akafariki kwa homa ya mapafu baada ya kutembea kwenye dhoruba ya theluji. Theluji hatuna hapa, labda upande Kilimanjaro, ila nadhani umenielewa.

WAONGO NAO WAPO

Panapokuwa na sifa, uongo haukosi. Umeshaona zile picha zinazozunguka kwenye simu, chura ameshika jani kama mwavuli, au vyura watano wamepandana wanacheka? Chura hachezi sarakasi. Nyingi za picha za namna hiyo zinapangwa, na wanaowajua viumbe hawa wamelalamika kwa miaka kwamba wanyama hubanwa, hufungwa uzi au hupozwa kwa barafu ili watulie. Wengine wanamtia mdudu kwenye friji mpaka anaganda, wanampiga picha, halafu maelezo yanasomeka "nimemkuta bustanini".

Hata kwa wakubwa yametokea. Mwaka 2018 makumbusho ya Natural History ya London yalimvua ushindi mpiga picha wa shindano lao la picha za wanyamapori, baada ya wataalamu kuona kwamba mnyama mla mchwa aliyekuwa kwenye picha hiyo ya usiku anafanana mno na mnyama aliyekaushwa. Mwenyewe alikana. Ushindi ukaondoka.

Msimamo wangu ni huu, na asiyeupenda aandike safu yake: kama umempata amekufa, sema amekufa. Kama umemhamishia kwenye sahani, sema sahani. Picha ya karibu thamani yake yote ni kwamba kitu hicho kilikuwepo kweli, pale ulipo, na mimi sikukiona. Ukikipanga umeniuzia katuni.

Ukweli huo una wateja ambao hukuwadhania. Kuna programu ya simu inaitwa iNaturalist, ilianzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa chuo kikuu huko California. Unapiga kiumbe, unaweka picha, mahali na tarehe. Watu wa dunia nzima, wakiwemo wataalamu, wanakwambia ni nani. Hakuna anayekuuliza cheti. Mimi niliyeishia kidato cha nne nimeshasahihishana na mtu kuhusu nyigu, kwa heshima zote.

NDOO YA UANI

Sasa lile nililokuahidi. Twende Antananarivo, Madagascar, mwaka 2020. Mtu mmoja alipiga picha kiluwiluwi cha mbu kilichokuwa kwenye maji ndani ya tairi, akitumia simu na lenzi ndogo ya kukuzia, akaituma kupitia programu ya GLOBE Observer inayosimamiwa na NASA, wale wale wa roketi. Picha ya kawaida, kiluwiluwi kimoja. Baadaye watafiti wa mbu wakaikuta kwenye rundo la picha wakashtuka. Waliona dalili za Anopheles stephensi.

Huyo stephensi ni nani? Ni mbu wa malaria kutoka Asia. Mbu wetu wa malaria tuliowazoea wanapenda madimbwi ya ardhini, ndiyo maana mjini malaria huwa afadhali kuliko shamba. Huyu mgeni ana tabia nyingine. Anapenda mapipa, matangi, tairi, maji tunayohifadhi kwa sababu bomba linatoka mara mbili kwa wiki. Yaani ni mbu wa mjini, ni wa kwako na wa kwangu. Alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2023 Kenya ikatangaza kumpata kaskazini, kaunti ya Marsabit. Madagascar ni mbali na huko, tena kisiwa. Na aliyemwinda hakuwa na maabara mkononi. Alikuwa na simu na lenzi kama hiyo yako ya kubana.

Huhitaji kumtambua stephensi, hiyo waachie wenyewe. Lakini familia za mbu unaweza kuzitenganisha leo hii uani kwenu. Chota maji ya kwenye ndoo iliyokaa siku nyingi, chombo cha chini ya chungu cha maua au tairi la gereji. Ukiona vijidudu vinanengua, vyonye kwa mrija wa soda, vitone kwenye kisahani cheupe, maji machache tu visipate pa kukimbilia. Lakini kabla hujavichota, vitazame na uvipige vikiwa ndani ya glasi, kwa ubavu, mwanga ukitoka upande wa pili. Kinacholala sambamba na uso wa maji, kama mtu aliyelala chali baharini, ni Anopheles, jamii ya mbu wa malaria. Kinachoning'inia kichwa chini, mkia umegusa juu, kinapumua kwa mrija ulio nyuma, hicho ni cha jamii nyingine. Mrija mrefu mwembamba, mara nyingi ni Culex, yule anayekuimbia usiku. Mrija mfupi mnene, mshuku Aedes, yule mwenye miguu ya madoa meupe anayeuma mchana. Aedes ndiye anayebeba dengue, ile homa iliyoitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na kurudi tena mwaka 2019. Wengi wetu tunamfahamu mtu aliyelala kitandani wiki nzima akisema mifupa inavunjika.

Mwezi uliopita nilivipiga vya nyumba ninayopanga. Mrija mfupi, mnene, vinane kwenye ndoo moja ya maji ya kudekia. Nikampelekea mama mwenye nyumba simu. Akavaa miwani, akatazama mara mbili, akauliza, "Mwanangu, haya madude yako wapi?" Nikamwonyesha ndoo. Miaka mitatu tumekuwa tukimwambia habari za mapipa yasiyo na vifuniko, anasema tunaleta Uzungu. Picha ile ilimtoa jasho. Jioni hiyo mapipa matatu yalipata vifuniko, na wapangaji wote tukapewa amri ya kumwaga maji yaliyolala kila Jumamosi, maana kwenye joto letu yai linaweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hivi.

Kwa hiyo ukianza, anzia hapo. Glasi ya kioo, tochi, simu na lenzi yako. Andika tarehe na mtaa. Piga kwa ubavu, piga tena kwa juu, lenga mkia siyo kichwa, maana mrija ndio kitambulisho. Onyesha waliomo ndani ya nyumba. Halafu maji yenyewe usiyarudishe kwenye ndoo wala usiyamwage mtaroni. Yamwage kwenye mchanga mkavu, juani, uone yanavyokauka.